HAFANYI KAZI, YUKO NYUMBANI TU



Naomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme maneno niliyoyaweka moyoni tangu mkutano wa tawi wa mwezi uliopita. Mimi ni mfanya kazi wa njia ya reli. Genge letu liko upande wa Makueni, nami nilizaliwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, mahali ambapo reli haijafika mpaka leo. Shule yangu ni ya msingi ya misioni na sikuendelea mbele, kwa hiyo mtu asitafute hapa maneno ya vyuo vikuu.

Siku ile katibu alileta fomu za mfuko wetu wa matanga. Kila mwanachama atoe jina lake, namba yake ya kazi, jina la mke au mume, kazi ya mke au mume, na chini kabisa jina la mtu atakayepokea fedha mwenye jina akifa. Kwa kuwa taa ilikuwa hafifu na wazee wengine macho yamechoka, nilipewa kalamu niwaandikie. Wakaja mezani mmoja mmoja, wanaume 14. Nikamwuliza wa kwanza, "Mke wako anafanya kazi gani?" Akajibu, "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Huyo? Kazi yake ni kula mshahara wangu," na nyumba nzima ikacheka. Mmoja tu ndiye aliyesema mke wake ni mwalimu, na alisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Wengine 13 niliwaandikia neno moja: Hana. Hana. Hana.

Mkono wangu ulikuwa mzito, maana katika hao 13 nawajua wake wanne kwa sura, na mmoja nilimwona kwa macho yangu Jumapili ya nyuma yake. Alikuwa ndani ya shimo la mchanga wa mto, anateka maji kwa kata.

Nitawaeleza siku moja ya mtu asiye na kazi. Sitamchukua mke wa mtu, nitamchukua mama yangu, kwa kuwa baba naye alikuwa mtu wa reli, na akiulizwa habari za mke wake alijibu maneno yale yale yenu.

Mama aliamka jogoo la kwanza. Maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa mto uliokauka, na ikifika Septemba shimo lilikwenda chini hata mtu akisimama ndani kichwa chake hakionekani. Mmoja anateka, mwingine juu anapokea. Anayefika wa kwanza hukuta maji yaliyojikusanya usiku, anayechelewa huketi kando akingoja yatoke tone kwa tone. Ndiyo sababu waliondoka giza bado, wakisikia fisi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, na mama aliubeba mgongoni kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, na mtoto kifuani. Mtazameni vizuri mwaitu yeyote mzee wa kwetu: katika paji utaona alama ya mkanda ule, imezama kama njia ya ng'ombe.

Akirudi ni moto, uji, watoto waende shule. Kisha jembe. Kunde, ndengu, mbaazi, mtama, na mahindi kidogo kwa ajili ya tumaini, maana kwetu mahindi hukubali mwaka mmoja na kukataa miwili. Siku nyingine ilikuwa mwethya, wanawake wa kijiji wakijumuika kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nendeni Mbooni au Kilungu mtazame vilima vilivyokatwa ngazi toka chini hata juu. Wageni hupiga picha na kusifu. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na nani, hali wanaume walikuwa K.A.R., polisi, bandarini Mombasa na kwenye reli?

Tena kuna muthokoi, chakula ambacho kila mmoja wenu akishushwa stesheni ya kwao hukiuliza kwanza. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni na maji kidogo mpaka ganda litoke, yakapepetwa, yakaanikwa, kisha yakachemshwa na maharagwe saa nyingi kwa kuni ambazo nazo hazikuja zenyewe kwa miguu. Wewe unaona sahani tu. Jioni maji tena, mbuzi, na nyanya yetu aliyekuwa hoi kitandani ageuzwe na kuoshwa. Usiku kwa taa ya mafuta alisuka kiondo. Kimoja kilichukua majuma mengi, na mnunuzi wa sokoni alikitupia bei kama anayemsaidia maskini. Fedha ile ndiyo iliyoninunulia sare na vitabu. Herufi hizi mnazosoma zililipwa na kiondo.

Baba yangu alikuwa mtu mwema, sisemi vingine. Mwisho wa mwezi alikuja na sukari na sabuni, na sisi watoto tulimkimbilia njiani. Lakini mshahara ulipochelewa, mara miezi miwili, mara mitatu, hakuja, aliona haya. Wala hakuna aliyekufa nyumbani. Tulikula kunde. Basi niambieni, katika miezi ile nani alikuwa na kazi na nani alikuwa hana?

Wengine mtasema haya ni malalamiko ya wanawake, yapelekwe kanisani kwa akina mama. Hapana. Hili ni jambo la chama, na jambo la mshahara, nanyi sikilizeni vizuri.

Tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mwenye kazi alimtaka mwanamume peke yake. Alimpa nafasi ya kulala ya mtu mmoja na mshahara wa mtu mmoja. Mke na watoto wakae rizavu wajilishe, na mtu akizeeka au akivunjika mguu arudi huko huko alishwe. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri jambo hili waziwazi, kwamba mshahara wa chini wa wakati ule ulihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia, ikashauri upandishwe pole pole hata umtoshe mtu na nyumba yake. Ni serikali ya kikoloni iliyoandikiwa hayo na kamati yake yenyewe, si mkorofi wa chama.

Sasa fikirini. Kama mshahara haukutosha nyumba, na nyumba ikala, ni nani aliyejaza upungufu? Ni jembe la yule mnayesema hana kazi. Kila senti ambayo mwenye kazi hakumlipa mwanamume wa Kikamba, mwanamke wa Kikamba aliilipa kwa mgongo. Mwenye kazi anajua, hajasahau hata leo. Mkienda kuomba nyongeza husema, "Lakini ninyi mna mashamba nyumbani." Analihesabu jembe la mke wako anapotaka kupunguza haki yako. Wewe hulihesabu hata ukiwa na kalamu mkononi. Ukisema mke wako hafanyi kazi umempa mwenye kazi kibarua wa bure ambaye hata jina lake halimo katika daftari.

Hata katika masimulizi yetu ya kupigania haki ni hivyo. Mwaka 1938 serikali ilipochukua ng'ombe za watu wa Machakos, na Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos, maelfu walikwenda Nairobi kumtaka Gavana, wakapiga kambi Kariokor majuma mengi. Twamtaja Muindi Mbingu aliyepelekwa Lamu kwa ajili hiyo, na ni haki kumtaja. Walakini walikwenda wanawake pia na watoto wao. Nani aliwapikia maelfu yale? Au nao walikuwa hawana kazi?

Sasa nije kwa sisi tulio kwenye njia yenyewe. Maana ajabu ni hii: yule aliye nyumbani huambiwa hafanyi kazi, naye akitoka nyumbani kutafuta kazi huambiwa kazi hiyo ni ya wanaume.

Siku yangu ya kwanza katika genge mtu mmoja aliniuliza chapati ni bei gani. Alidhani nimekuja kuuza. Nilipomwonyesha barua ya kazi alinitazama mikono, kisha akaniambia nichukue birika niende kuchota maji ya chai, kwa sababu mtaimbo utanishinda. Mtaimbo! Ule mtaimbo hauufikii uzito wa mtungi nilioubeba nikiwa na miaka kumi na miwili, kupanda kilima, bila mtu kuniuliza kama utanishinda. Kuinua mtungi si nguvu, ni desturi ya wanawake. Kuinua mtaimbo ni nguvu, kwa kuwa una mshahara. Ndivyo ninavyoona mimi.

Na mambo madogo yasiyosemwa mkutanoni kwa sababu ya aibu, mimi nitayasema. Huko njiani hakuna choo. Mwanamume hugeuka upande akamaliza. Sisi hutafuta kichaka, na kichaka cha Kibwezi kina miiba na nyoka, na tukirudi tunakuta watu wanachekana. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wa njia hawanywi maji tangu asubuhi hata jioni, katika jua lile mnalolijua, kisha kichwa kikiwauma nyapara husema, "Mnaona? Wanawake ni dhaifu." Siku zetu za mwezi ni taabu juu ya taabu. Nilipotaja jambo hili kwa mjumbe mmoja aliziba masikio kama mtoto. Ana binti wanne.

Dada mmoja wa kontrakta fulani, tumbo lilipoonekana, aliambiwa mkataba wake umekwisha. Wenzake walisema, "Si ameamua kuzaa?" Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na inasema ujauzito si sababu ya kumwondoa mtu kazini. Kabla ya hapo ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua umepoteza livu yako ya mwaka. Sheria imebadilika, ila wengine wetu bado twakaa katika ile ya zamani. Sheria hiyo ya zamani ilimkataza mwanamke pia kufanya kazi ya kiwandani usiku, ati kumlinda. Wapo wanaoililia mpaka leo. Mimi nauliza, ni sheria gani iliyomkataza mama yangu kwenda kisimani usiku? Upande wa Mutomo na Ikutha, karibu na Tsavo, njiani mtu hukutana na ndovu. Hakuna bwana aliyekuja kumlinda na hilo. Giza huwa hatari kwa mwanamke pale tu anapotaka kulipwa.

Na wewe unayesema reli na mwanamke ni vitu viwili, umesahau hadithi za kwenu. Toka utoto twaambiwa habari za Syokimau, aliyeona kabla ya wakati nyoka mrefu akitoka upande wa bahari, nasi watu wa Ukambani twasema yule nyoka ndiye reli. Sisi tuliolelewa misioni tulikatazwa kuamini, lakini wote twajua hadithi, na stesheni imepewa jina lake. Sikusikia mtu akisema Syokimau alikuwa mwanamume. Na tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilipofunguliwa, gari lililombeba Rais kutoka Mombasa, likapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, dereva wake alikuwa Concilia Owire, mwanamke. Lilifika Nairobi. Halikuanguka.

Wengine hunijibu kwa ujanja: "Ninyi wanawake wa Kitui hamna la kulalamika, mmepata kila kitu." Wananihesabia Nyiva Mwendwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Kenya, mwaka 1995. Wananihesabia Charity Ngilu aliyegombea urais mwaka 1997, akawa Gavana wa Kitui mwaka 2017. Ni kweli, nami najivunia hao. Lakini mnajua walivyosemwa? Wanaume wakigombea huulizwa habari za barabara. Mwanamke akigombea huulizwa mume wake yuko wapi na chakula cha jioni kapika nani. Na mwanamke mmoja kuingia katika gari la waziri hakupunguzi hata lita moja katika mtungi wa mwingine. Mwanamume mmoja wa Makueni akiwa jaji, je, ninyi wa genge mmeongezwa mshahara?

Na wanawake wenzangu nao nisiwaache, maana wapo wanaoniita "mwanamke wa reli" kwa namna fulani ya kupinda mdomo, kana kwamba anayelala kambini na wanaume 12 kwa ajili ya kazi amelala kwa ajili ya jambo lingine. Mama mkwe wangu alinyamaza na habari hiyo siku nilipomwezekea nyumba yake mabati. Lakini haya ni ya nyumbani, tutayamaliza nyumbani.

Nirudi kwenye fomu, maana sijasema lililoniuma zaidi. Ni ule mstari wa chini, wa mtu atakayepokea fedha. Katika wale 13, tisa walitaja ndugu wa kiume au baba. Niliwauliza, "Mke je?" Mmoja akajibu, "Mke ataolewa kwingine." Mwingine, "Mwanamke akishika fedha nyingi hupotea." Wewe mwenzangu, huyo unayesema atapotea ndiye aliyeishi kwa shilingi zako mia chache mwezi mzima na watoto watano wakala. Kama kuna mtu Kenya anayejua kushika fedha ni yeye. Sisi tunaowaona ninyi jioni ya siku ya mshahara hapo stesheni twajua anayepotea ni nani.

Namjua mjane mmoja wa kwetu Kitui. Mume wake alikuwa mtu wa njia, akafa kazini. Fedha za matanga zilipokewa na shemeji, zikageuka pikipiki, na pikipiki ikageuka vyuma katika muda usiofika mwaka. Mjane hakuona hata senti ya kununulia sare. Baadaye wakaja na la pili: kwa kuwa alizaa binti watupu, shamba si lake, arudi kwao. Shamba alilolichimba mitaro kwa mikono yake! Walisema ni mila. Mila ipi? Mila hiyo hiyo ya Wakamba inayo iweto, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Sisemi turudi huko, mimi ni Mkristo. Nasema wazee wetu walikubali kwamba mwanamke ana nyumba, na kwamba nyumba ile haifi mume akifa. Na ninyi wenzangu wa misioni, someni tena Hesabu sura ya 27, habari ya binti watano wa Selofehadi waliomwendea Musa kudai fungu la baba yao. Mungu alisema wana haki. Hakuwaambia wangoje shemeji.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humtaja mtoto bila kuuliza ni wa kike au wa kiume, na Katiba ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi wa kike na kiume katika ardhi. Yule mjane alikwenda mahakamani mwenyewe, kwa miguu na kwa matatu, miaka minne, akabaki katika shamba lake. Chama cha mume wake hakikumpa hata barua moja ya kumsindikiza. Michango ya mume kilikuwa kimeipokea miaka 19.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane. Nitaleta mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, fedha za matanga zilipwe mikononi mwa mjane au mgane mwenyewe, na anayetaka kuandika jina la ndugu yake alete mke wake mezani atie sahihi kwamba amekubali. Pili, choo na maji ya kunywa kwa genge viingie katika madai tunayompelekea mwenye kazi, tena vitajwe kwa jina lake, choo, si "mazingira bora". Tatu, fomu zile 13 zirudishwe tuziandike upya. Nimekwisha uliza mkulima ataandikwaje, katibu amesema ni "mkulima".

Nimeambiwa wengine wamejiandaa kunicheka. Na wacheke, lakini baada ya kucheka wainue mikono ihesabiwe, na majina yaandikwe katika kitabu cha mkutano, nani alikubali na nani alikataa. Wake zenu wengine wanajua kusoma, nami nitawapelekea nakala. Tena siku hiyo sitashika birika. Anayetaka chai ajue jiko liko wapi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia, Makueni